Utambaji na Uigizaji kama Njia za Uhakiki: Vikundi vya Wachoraji wa Ridhaa, Ngara

Mchoraji wa ridhaa ni mtu anayechora kwa kupenda, si kwa kulipwa: karani, mwanafunzi wa chuo, fundi, mwalimu aliyestaafu. Uhakiki ni kuitazama kazi ya sanaa, kuipima na kumweleza mwenyewe kilichoonekana. Utambaji ni usimulizi wa hadithi mbele ya hadhira, na uigizaji ni kuvaa nafsi ya mhusika kwa maneno au kwa mwili. Maana hizi mbili za mwisho hufundishwa katika fasihi simulizi ya shule za upili, na hazihitaji kurefushwa hapa.

Mtaa wa Ngara, jijini Nairobi, unaifaa mada hii. Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, ni mwendo mfupi kwa miguu, na ni katika makumbusho hayo ambapo Kuona Trust ilianzia mwaka 1995 kama mahali pa wasanii kufanya kazi na kutazamana. Iliyokuwa sinema ya Shan sasa ni Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na wachezaji ngoma. Nyumba zilizojengewa familia za Waasia, wengi wao wafanyakazi wa reli na wa serikali, leo zimezungukwa na mabweni ya wanafunzi na vibanda vya nguo. Mwenye daftari na penseli hakosi cha kuchora: makanga ananing'inia mlangoni mwa matatu kwenye barabara ya Murang'a, mwanafunzi anabeba godoro kichwani, mama anapanga mitumba. Anachokosa ni neno la maana baada ya kuchora. Hilo ndilo tatizo ambalo sehemu kubwa ya mada hii inalishughulikia, kwa sababu limekaa miaka mingi bila kushughulikiwa.

Maoni katika vikundi vya wachoraji huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni sifa tupu: "safi", "moto", "hii imeweza". Mchoraji huenda nyumbani amefurahi na wiki inayofuata huleta kosa lilelile. Ya pili ni kashfa: "hiyo ni pua au kiazi?" Watu hucheka, na mgeni aliyechekwa harudi tena. Sura hizi mbili zinajulikana na hukemewa mara kwa mara. Ya tatu haikemewi hata kidogo, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi: mchoraji kuieleza kazi yake kabla mtu yeyote hajaitazama.

Chukua mfano wa mchoro wa wino unaoonyesha mwanamke ameinama juu ya meza ya mitumba, shati mkononi. Mchoraji ananyanyua karatasi na kusema, "Huyu ni mama aliyechelewa kufunga, watoto wanamngoja nyumbani." Tangu hapo kila mtu anaona mama aliyechelewa. Mmoja anasifu uchovu wa mabega, mwingine anasema amemkumbuka mamake. Hakuna anayetamka kwamba kivuli cha meza kiko chini kabisa ya meza, kifupi na cheusi, kama cha saa sita mchana. Mchoro unasema adhuhuri, mwenyewe anasema magharibi, na kikao kizima kimemsikiliza mwenyewe. Laiti angenyamaza kwa dakika tatu na mwenzake akaombwa kusimulia anachokiona, jibu lingekuja wazi: "Jua ni kali, mama amefika, anapanga bidhaa." Kwa sentensi moja mchoraji angejua kwamba ama arefushe kivuli ama abadilishe hadithi. Hangehitaji sifa wala kashfa.

Fanani, yaani mtambaji, hapati nafasi ya kuieleza kazi yake kwanza hivyo. Anaposema "Paukwa" asijibiwe kwa nguvu, anajua hadhira bado iko mbali. Hadhira ikiacha kuitikia wimbo wa katikati ya ngano, anafupisha; watoto wakiuliza "akafanya nini?", anajua wapi pa kurefusha. Uhakiki wake hufanyika papo hapo, ndani ya hadithi yenyewe, na humfikia kila mtambaji, awe mzoefu au mwanagenzi. Mchoraji huonyesha kazi iliyokwisha kukauka, kwa watu waliozoea kunyamaza mbele ya picha.

Ushahidi kwamba watu wasio wasomi wa sanaa wanaweza kuhakiki kwa undani uko karibu na Nairobi. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulifanyiwa mazoezi hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha. Wazee walirekebisha lugha iliyowekwa vinywani mwa wahusika wazee, na wafanyakazi wa viwandani wakaeleza jinsi kazi inavyofanyika hasa. Hawakuulizwa kama mchezo ni mzuri. Waliutazama kama hadithi ya maisha waliyoyajua, wakasema pale uliposema uongo. Leseni ya mchezo huo iliondolewa mwaka huohuo, lakini namna ile ya kuhakiki bado inafaa.

Nchini Marekani, msanii wa densi Liz Lerman alianza mwaka 1990 kuunda utaratibu wa maoni wenye hatua nne: watazamaji hutaja kilichowagusa, msanii huuliza maswali, watazamaji huuliza maswali yasiyo na hukumu, na mwishowe hutoa maoni yao kwa idhini ya msanii. Utaratibu huo ni mzuri na unaweza kutumika Ngara. Hata hivyo, kwa watu waliolelewa katika "Hadithi, hadithi?" na "Hadithi njoo!", kusimulia ni mlango mwepesi zaidi wa kuingilia.

Uigizaji hutatua sehemu ambayo maneno hayaifikii, yaani mwili. Mchoro wa makanga ukionekana kuwa na kasoro isiyoelezeka, mwanakikundi asimame kama alivyochorwa, mkono mmoja juu, mguu mmoja hewani. Akiyumba, kosa limepatikana: uzito umewekwa kwenye mguu usiogusa ngazi. Njia ya pili ni mchoraji kuketi mbele ya wenzake na kuulizwa maswali kama mhusika wake. "Mama, umefika saa ngapi hapa sokoni?" Akishindwa kujibu, haaibiki yeye; ni mhusika ambaye hajafikiriwa vya kutosha. Watu wazima wasiokuwa tayari kukosolewa hukubali kuulizwa kwa namna hii, na hapo ndipo faida yake kuu ilipo. Watoto hufanya hivyo bila kufundishwa katika kalongolongo. Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyoenea baada ya Dungeons & Dragons kutolewa Marekani mwaka 1974, imewapa vijana wengi duniani sababu ya kuchora: mchezaji humbuni mhusika, humpa kabila, woga na deni, kisha hutaka kumwona usoni.

Ni haki kutambua mipaka. Si kila picha ina hadithi. Urembo wa nakshi na picha dhahania huhitaji maswali mengine, ya mstari, rangi na mizani. Wala si haki kuwalaumu waratibu, ambao wengi hujitolea. Wachoraji wengi walipitia shule za msingi wakati sanaa na ufundi havikutahiniwa tena katika mtihani wao wa mwisho, KCPE, na somo lisilotahiniwa mara nyingi lilinyang'anywa vipindi vyake. Aliyeshiriki tamasha la kitaifa la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, alikulia mbele ya waamuzi wanaoeleza sababu za hukumu. Mwenzake wa penseli hakuwa na mwamuzi. Pamoja na hayo, haikubaliki kwamba semina huendelea kuazimia "kuimarisha uhakiki" bila kusema kwa njia gani, na kwamba fomu za taarifa za wafadhili huuliza idadi ya waliohudhuria lakini haziulizi hata mara moja ni mchoro upi uliorekebishwa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mchoraji asiieleze kazi yake kabla ya angalau watu wawili kuisimulia. Wasimulizi hao wasiwe marafiki wake wa karibu. Mratibu apewe mamlaka ya kumnyamazisha mchoraji kwa heshima, na pia kumzuia anayedhihaki. Neno la sifa likubaliwe tu likifuatwa na "kwa sababu". Kila mkao unaotiliwa shaka uigizwe kabla ya kujadiliwa. Mchoraji anayetaka aketi kiti cha mhusika wake, na asiyetaka asilazimishwe. Vikundi vya wachoraji vialike watambaji na waigizaji angalau mara moja kwa muhula, si kutumbuiza bali kutazama picha na kusema wanachokiona. Kumbi za umma zilizo karibu na Ngara zifikirie kuvipa vikundi hivi saa zisizo na shughuli kwa ada nafuu. Wafadhili, pale inapowezekana, wabadilishe fomu zao ziulize kilichorekebishwa.

Inapendekezwa tena, kwa kuwa ndilo pendekezo linalosahaulika upesi kuliko yote, kwamba mchoraji anyamaze kwanza. Hatimaye, mchoro wa awali usitupwe. Uandikwe tarehe nyuma pamoja na masimulizi ya watazamaji kama walivyoyatamka, kisha uwekwe kando ya mchoro uliorekebishwa katika kikao kinachofuata, na wasimulizi wengine waanze upya bila kuambiwa kilichosemwa.