Mchango wa Kijiji Utangulie
Maneno ya Kamati ya Miradi kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Kabla hatujaanza kuchangishana, tuzungumze kidogo jinsi fedha zitakavyotolewa. Kuchanga tunajua, kugawa ndiko kunakotugombanisha.

Mwalimu Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee kule Alabama, Marekani, alitumia miaka mingi kuwashauri matajiri namna ya kutoa. Mwaka 1912 mfanyabiashara Julius Rosenwald aliipa Tuskegee dola 25,000. Zilipobaki dola 2,800, Washington aliomba zisaidie kujenga shule ndogo sita za watoto weusi vijijini. Hakutaka kujenga na kukabidhi funguo. Kila kijiji kilitakiwa kitoe chake: fedha, ardhi, mbao au nguvu za mikono. Baadaye familia nyingine zilitenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yakawa ya shule. Na serikali ya eneo ilitakiwa iipokee shule hiyo na kuiendesha.

Washington alifariki mwaka 1915, utaratibu ukaendelea. Kufikia 1932 zilikuwa zimejengwa shule karibu 5,000 katika majimbo 15 ya kusini, na watu weusi wenyewe walikuwa wamechanga zaidi ya dola milioni 4, kupita alichotoa Rosenwald.

Kuna uchungu ndani yake, tusiufiche. Watu hao walikwisha kulipa kodi, na sehemu kubwa ya kodi ikaenda kwenye shule za wazungu. Wakalipa mara mbili. Kwa hiyo hatusemi maskini akamuliwe. Mjane asiye na kitu asiandikwe kwenye daftari la mchango.

Mezani kwetu yapo maombi ya vijiji vitatu, vyote vinataka madarasa ya shule shikizi. Kimoja kimeshafyatua matofali na kupata hati ya kiwanja. Viwili vimeleta barua tu. Tunapendekeza fedha za mwaka huu zianze na chenye matofali, kikishaleta barua ya halmashauri kwamba walimu watapangwa. Jengo bila mwalimu ni banda la mbuzi.

Wapo watakaosema vile viwili ndivyo maskini zaidi. Huenda ni kweli. Ndiyo maana wajumbe wawili watakwenda huko mwezi ujao, wakae na wanakijiji kuhusu kiwanja kabla hatujazungumzia bati.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini, karibu na mlango.