Kisima cha Waandishi



Mtu akichungua vitabu vya mashairi na hadithi vya Waingereza, ataona ya kuwa vingi vimechotwa katika kisima kimoja, yaani Biblia. Leo nataka tuulize: waandishi hao walichota nini humo?

Zamani watu wa kawaida wa Uingereza hawakuweza kuisoma, kwa maana makanisani ilitumiwa ya Kilatini, lugha ya wanachuoni. William Tyndale alitaka hata kijana alimaye kwa plau aifahamu. Akatoka kwao, na mwaka 1526 Agano Jipya alilolifasiri likapigwa chapa Ujerumani, likaingizwa Uingereza kwa siri, limefichwa katika marobota ya nguo. Mwaka 1536 aliuawa. Lakini maneno yake hayakufa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyachukua mengi.

Biblia hiyo ikafika mikononi mwa John Bunyan, aliyezaliwa karibu na mji wa Bedford mwaka 1628. Alikuwa fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka, na elimu yake ya shule ilikuwa haba. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila ruhusa. Kama angaliahidi kunyamaza, angalifunguliwa. Hakukubali, akakaa kifungoni miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili wanawe wapate chakula, na mmoja wao alikuwa kipofu. Mwaka 1678 kikatoka kitabu chake cha Msafiri, habari za mtu aliyebeba mzigo mgongoni akiutafuta mji wa mbinguni. Kimefasiriwa katika lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwamo.

Angalieni basi. Bunyan hakunakili maandiko tu. Alisoma jinsi Waisraeli walivyopita jangwani kwa miguu, akaona ya kuwa kila mtu anayo safari rohoni mwake. Mzigo ule ni dhambi. Tope alimozama msafiri ni kukata tamaa. Hiyo ndiyo maana ya kiroho, nayo ndiyo maji aliyoyachota.

Mimi nami, nilipokuwa shuleni kwa wamisionari, nilikariri sura nzima nzima ili nifaulu mtihani. Alama nilipata, maana sikupata. Kazi ya kufasiri ndiyo iliyonifumbua macho, kwa kuwa neno laweza kuvushwa upesi kutoka lugha hata lugha, na maana ikaachwa ng'ambo. Fundi wa sufuria alisoma kama mwenye njaa alaye. Mimi nilisoma kama karani ahesabuye magunia ya mahindi ya watu wengine.

Huku kwetu, Dr. Krapf alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844. Kwa hiyo kisima kile ki mlangoni petu tangu siku nyingi. Anayetaka kuandika asiige hadithi za Wazungu. Na asome polepole, aulize kila neno lamwambia nini yeye, kisha aandike kwa lugha ambayo mkulima ataielewa. Tyndale alikufa kwa ajili ya lugha ya namna hiyo.