Meli Huanza kwa Kalamu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Gitothua)



Wengine wenu mmetuuliza kwa nini hapa Gitothua, mbali na bahari na mbali na ziwa, twazungumza habari za meli. Sababu ni zile fedha zilizokatwa katika mishahara ya wachomeleaji wetu wanne. Tutazifikia.

Meli haianzi kwa nyundo. Kwanza mwenye mali husema atabeba mizigo gani na atapita maji ya kina gani. Wachoraji huchora umbo, wakapiga hesabu ya uzito na jinsi chombo kitakavyoelea. Kisha huja michoro ya kila bamba na kila tundu. Hapo ndipo chuma hukatwa, mkuku hulazwa, mataruma husimamishwa, mabamba hufungwa, na chombo hushuliwa.

Tazameni Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwanza iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kisha Kigoma kwa reli. Huko ikaundwa upya, ikashuliwa Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Victoria ya Kisumu nayo ilikuja vipande vipande kutoka Scotland, ikaanza safari 1961.

Sasa fikirini. Kama tundu moja lingalichorwa kombo kule Papenburg, nani angalitaabika? Fundi wa Kigoma, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kushika chuma. Mchoraji yuko mbali, anakunywa chai yake.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Bamba la tangi lilipungua sentimita mbili, kama lilivyochorwa. Mafundi walimwambia msimamizi kabla ya kuchomelea, akajibu, endeleeni. Tangi lilipovuja, hasara ikakatwa kwao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la kusudi la mfanya kazi. Kosa la karatasi halimo.

Twataka kila mchoro utiwe sahihi na aliyeuchora, na kasoro aliyoiona fundi iandikwe kabla moto haujawashwa.

Ndugu wanne, Jumamosi leteni karatasi zenu za mshahara pamoja na ule mchoro. Msiusafishe grisi; alama za penseli mlizotia siku ile bado zaonekana.