Mimea ya Miiba na Macho ya Watoto

Leo tuzungumze juu ya mimea ya miiba. Hapa Mji wa Kale nyumba nyingi hazina bustani, kwa hivyo vyungu vya maua huwekwa roshani au mlangoni, pale pale watoto wanapocheza.

Kaktasi ya kweli, kama mpungate, ina faida. Ndani yake mna ute unaoteleza kama wa bamia, ambao huusaidia mmea kuhifadhi maji wakati wa jua kali. Tunda lake lina vitamini C. Wekundu wa tunda watokana na rangi iitwayo betalaini, ambayo imo pia katika bitiruti. Kabla ya kumpa mtoto, liambue vizuri, maana lina vijimiiba vidogo mno vinavyochoma ulimi na mdomo.

Mama, mtoto akila tunda hilo, mkojo wake waweza kuwa mwekundu. Usishtuke, ni rangi tu. Lakini wekundu ukizidi siku mbili, au mtoto akilia anapokojoa, au kama hakula tunda hilo, mpeleke kliniki apimwe. Huenda ni damu, na hiyo ni dalili mojawapo ya kichocho.

Sasa sikiliza kwa makini. Mimea mingi ya vyunguni tunayoiita kaktasi si kaktasi. Ni jamaa ya mnyaa, ule unaopandwa ua huko mashambani. Ikivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huchoma ngozi, na ukiingia jichoni waweza kumpotezea mtoto uwezo wa kuona.

Ikitokea hivyo, fanya haya:

1. Mzuie mtoto asisugue jicho. Wewe nawa mikono kwa sabuni.

2. Mlaze ubavu, jicho lililoumia liwe chini. Limwagilie maji safi polepole, kuanzia upande wa pua kwenda nje, kwa dakika 15 hadi 20. Akilia, endelea.

3. Usitie maziwa ya mama, shubiri, chai wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.

4. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata jicho likionekana zima. Maumivu mara nyingi huzidi baada ya saa kadhaa. Mweleze daktari ni mmea gani.

Bibi zetu wengi hutia maziwa ya mama kwa mapenzi. Tusiwagombeze. Tuwaeleze kwa upole kwamba maji mengi, tena upesi, ndiyo yanayookoa jicho.

Leo basi, tazama vyungu vyako. Usiukate mmea ili kuujaribu. Muulize aliyekuuzia, na asipojua, uhesabu kuwa una sumu na uuweke mbali na watoto.