"Ni Mimi, Si Yeye": Maneno kwa Vijana Wachezaji wa Mupira



Tumepewa kazi ya kuwaambia maneno machache juu ya muchezo na tabia njema. Tunajua kwamba mutu mwenye kushika viatu vya mupira mukononi hana masikio marefu. Kwa hiyo hatutahesabu mbele yenu sheria moja moja. Tutawaelezea mechi moja tu, mechi ambayo wazee wetu wengi hawapendi kuikumbuka.

Mwaka 1974 inchi yetu ilikuwa ikiitwa Zaire, na ekipe yetu ya Léopards ilikuwa ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika katika Kombe la Dunia. Haikufika kwa bahati. Mwezi wa 3 wa mwaka ule ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri. Mulamba Ndaye, muchezaji wa Vita Club ya Kinshasa, alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na hata leo hakuna aliyefikia hesabu ile katika Kombe la Afrika moja. Fainali zidi ya jirani zetu wa Zambia ilichezwa mara mbili, 2 kwa 2, kisha 2 kwa 0; magoli yote 4 ya Zaire yalikuwa yake. Nasi watu wa Katanga, ambayo siku zile iliitwa Shaba, tulikuwa na wana wetu ndani: Kazadi Mwamba, kipa, na Mwepu Ilunga, beki, wote wawili wa Mazembe ya Lubumbashi, ile ekipe ambayo mababa Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa jina la Mutakatifu Georges.

Kule Ujerumani ya Magaribi walishindwa kwanza na Uskoti, 2 kwa 0. Hakuna haya katika hesabu hiyo. Lakini nyuma ya mechi ile wachezaji walipata habari kwamba feza waliyoahidiwa haitafika mikononi mwao. Wenyewe walisimulia kwamba walitaka kukataa kucheza. Waliingia uwanjani Gelsenkirchen, tarehe 18 mwezi wa 6, na uchungu moyoni, na mbele yao ilikuwa Yugoslavia.

Katika dakika 20 za kwanza waliingiziwa magoli 3. Kazadi akatolewa. Mara goli la 4 likaingia, na wachezaji wetu wakamuzunguka mwamuzi, mutu wa Kolombia, wakimulalamikia. Katika fujo ile muguu mumoja ulimupiga mwamuzi kwa nyuma. Muguu ule ulikuwa wa Mwepu. Mwamuzi akageuka, akamutolea Mulamba karti nyekundu.

Vijana, simameni kidogo hapa. Mufungaji mukubwa wa Afrika, ambaye hakumugusa mutu, anaambiwa atoke, na macho ya dunia yote yanamutazama. Mulamba alisimulia baadaye kwamba alilia machozi, akamwambia mwamuzi si yeye. Na Mwepu naye akasema ni mimi niliyefanya. Mwamuzi hakutaka kusikia. Mulamba akatoka. Wenzake 10 wakabaki, na mechi ikaisha 9 kwa 0.

Hatuwezi kusema Mwepu alifanya vizuri. Kumupiga mwamuzi ni kosa kubwa, na feza iliyoibiwa haifanyi kosa lile kuwa haki. Ungamo lake halikumurudisha Mulamba uwanjani, wala halikuondoa goli hata moja. Lakini alilitamka palepale, wakati kunyamaza kungemuokoa yeye mwenyewe. Ni watu wangapi kati yetu watu wazima, katika kazi zetu na katika nyumba zetu, wangelitamka?

Siku 4 nyuma yake walicheza na Brazili. Karibu na mwisho Wabrazili walipewa mupira wa azabu, na mbele hawajaupiga, Mwepu akatoka mbio katika ukuta akaupiga mbali kabisa. Watu walicheka, na kwa miaka mingi picha ile ilionyeshwa kama ushuhuda kwamba Waafrika hawakujua sheria ya mupira. Mwepu alieleza kwamba aliijua sana: alikuwa akikataa kuchezea wakubwa waliokula feza yao, na walikuwa wameonywa kwamba wakifungwa magoli zaidi ya 3 wasirudi inchini. Mechi ile ilikwisha 3 kwa 0. Mwepu alikufa mwaka 2015, Mulamba mwaka 2019. Wanaomucheka Mwepu ni wengi. Wanaojua kwamba ndiye aliyesema "ni mimi" ni wachache.

Sisi wa Shinkolobwe tunafahamu jambo hilo. Dunia inatujua kwa jiwe moja tu, ile uraniamu iliyotoka katika udongo wetu na kuingia katika bomba la mwaka 1945. Hakuna anayeuliza habari za wababa waliolichimba, wala kama waliambiwa litatumiwa kwa kazi gani.

Sasa tunakuja kwenu. Tumeona vijana wazuri wakiacha ekipe kwa sababu walipewa azabu ya kosa la mwingine, na mwenye kosa alikuwa amesimama karibu, ameinamisha kichwa, kimya. Mwamuzi ana macho mawili tu, tunamusamehe. Yule rafiki aliyenyamaza ndiye anayevunja ekipe. Kijana wa namna hiyo hakai bure nyumbani. Anakwenda kwenye mashimo. Ninyi munajua kwamba mashimo yale yamekatazwa na Serikali tangu mwaka 2004, na kwamba mwaka ule ule yalibomoka yakaua watu. Kwa hiyo musituambie kwamba neno dogo uwanjani ni muchezo tu.

Na wazazi pia, tafazali. Munaposimama pembeni na kumutukana mwamuzi, mutoto anajifunza haraka kuliko katika darasa lolote. Tena wako wanaomupigia makofi mutoto anayejiangusha bila kuguswa. Hilo linatuuzi zaidi ya matusi.

Kwa mechi ya leo tumepatana na makapiteni wa ekipe zote mbili hivi: mwamuzi akimuazibu mutu asiye na kosa, mwenye kosa ainue mukono wake mbele mupira haujachezwa, na kapiteni wake amupeleke kwa mwamuzi. Mwamuzi amekubali kumusikiliza. Mupira unaanza saa tisa. Ekipe zifike nusu saa mbele, na viatu vimefungwa.