Moto Umezimwa, Mapafu Bado

Aliyevuta moshi wa nyumba inayoungua apelekwe hospitali, hata akisema ni mzima. Kwa nini? Moshi ukijeruhi mapafu, seli za ulinzi zilizomo huita chembe nyeupe za damu. Hizo humwaga kemikali kali za kuua vijidudu. Lakini hapo adui ni masizi na sumu, si vijidudu, kwa hiyo zinaunguza mapafu yenyewe, nayo huanza kujaa maji. Haya huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Jioni anacheka, alfajiri anahema. Ndiyo maana nasema tena: hata akisema ni mzima, apelekwe. Wapo watakaosema apewe maziwa, yatasafisha. Maziwa huenda tumboni, jamani, si kwenye mapafu! Mtazame puani: kuna masizi? Sauti imekauka? Basi msisubiri kukuche.