Nani Kamwambia Nani? Modeli za Mawasiliano Mbele ya Maandishi ya Kanga

Katika kozi nyingi za mawasiliano na isimu, mwanafunzi hukutana mapema na mchoro mmoja: kisanduku cha kushoto huitwa mtoa ujumbe, cha kulia huitwa mpokeaji, na kati yake hupita mshale. Mchoro huo hukaririwa, hujibiwa katika mtihani, kisha husahauliwa. Lakini dhana yake hubaki. Hubaki katika fikra kwamba ujumbe ni kitu kilichokamilika kichwani mwa mtu mmoja, kikafungashwa, kikasafirishwa, kikafunguliwa na mtu mwingine kikiwa kile kile. Mhadhara huu unaipima dhana hiyo kwa kipimo kilicho karibu na kila nyumba ya Mswahili, yaani vazi la kanga na maandishi yake. Hoja inayotetewa ni kwamba modeli zilizozoeleka hazikukosea katika mambo ziliyoundwa kuyaeleza, bali hutwishwa mzigo usio wao. Na kwamba kanga inadai kipengele ambacho michoro hiyo haina mahali pa kukiweka: uwezo wa msemaji kukana kwamba amesema, na hiari ya msomaji kukubali au kutokubali kwamba ndiye aliyeambiwa.

Mchoro wa mshale una kwao. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alichapisha nadharia yake ya kihisabati ya mawasiliano katika jarida la kiufundi la kampuni hiyo. Mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu, ikiambatana na insha ya Warren Weaver. Tatizo la Shannon lilikuwa la simu: namna ya kupitisha ishara katika njia yenye ukomo, ili kilichoingia upande huu kipatikane upande wa pili bila kuharibiwa na kelele. Vipengele vyake vilikuwa chanzo cha habari, kirushio, njia, kipokezi na mwishilio, pamoja na kelele inayoingilia kati. Ni muhimu kukumbuka kwamba Shannon mwenyewe aliiweka maana kando kwa makusudi. Kwake, kiasi cha habari kilitegemea idadi na uwezekano wa ishara ambazo zingeweza kuchaguliwa, si uzito wa jambo lenyewe moyoni mwa mtu. Salamu ya rambirambi na orodha ya bei za karafuu zingeweza kuwa na kiasi kimoja cha habari, na mhandisi asione ajabu.

Aliyeivusha nadharia hiyo kutoka kwenye waya kwenda kwa watu ni Weaver. Aliainisha ngazi tatu za tatizo: usahihi wa ishara, usahihi wa maana, na ufanisi wa ujumbe katika kubadili mwenendo wa mpokeaji. Akadokeza kwamba hesabu za ngazi ya kwanza zina la kusema hata katika ngazi mbili zilizobaki. Dokezo hilo liliwafaa wengi. Mwaka huo huo wa 1948 Harold Lasswell, mtaalamu wa siasa aliyekwisha kuandika juu ya propaganda za Vita Kuu ya Kwanza, alipendekeza kwamba tendo la mawasiliano lichunguzwe kwa maswali matano: la msemaji, la yasemwayo, la njia, la hadhira na la athari. Wilbur Schramm, mwaka 1954, aliongeza kwamba watu wawili huelewana pale tu tajiriba zao zinapoingiliana. David Berlo, mwaka 1960, alipanga mambo yote katika safu nne za chanzo, ujumbe, njia na mpokeaji, na safu zake zikapendwa sana na wakufunzi wa ugani wa kilimo na afya, labda kwa sababu zinaingia vizuri ubaoni.

Dhana ya mrejesho, iliyotokana na sibanetiki ya Norbert Wiener, ililetwa kama tiba ya mwelekeo mmoja wa mshale. Tiba hiyo ilisaidia, lakini si sana kama inavyodaiwa. Mrejesho katika michoro mingi ni mtumishi wa mtoa ujumbe: humpelekea habari za kumwezesha kulenga vizuri zaidi safari ijayo. Mpokeaji anaruhusiwa kuitika, haruhusiwi kuanza. Waswahili wana methali fupi inayoutosha mchoro huo: msema pweke hakosi.

Lugha yenyewe ya Kiswahili inatoa ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa na wanaoifundisha taaluma hii. Kutokana na kitenzi *wasili*, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kufika, kimeundwa kitenzi *wasilisha*, yaani kufanya jambo lifike, na kitenzi *wasiliana*, chenye kiambishi cha kutendana. Modeli ya Shannon ni modeli ya kuwasilisha. Taaluma, hata hivyo, imeitwa mawasiliano. Ni kweli kwamba mofolojia ya neno si nadharia, na mtu asijenge nyumba juu ya kiambishi kimoja. Lakini ruwaza hiyo hairudiwi kwa bahati: *kusikia* ni kupata sauti, *kusikilizana* ni kupatana, *kuelewa* ni kushika maana, *kuelewana* ni kuishi pamoja bila ugomvi. Katika matumizi hayo, kufaulu kwa mazungumzo hupimwa kwa hali ya uhusiano uliobaki baada yake kuliko kwa usahihi wa kilichosafirishwa.

Roman Jakobson alilikaribia jambo hili alipotaja, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, vipengele sita vya tendo la usemi, kimojawapo kikiwa mguso kati ya wasemaji. Dhima ya usemi inayotumikia mguso huo aliijenga juu ya kazi ya Bronislaw Malinowski ya mwaka 1923, na mfano unaotolewa mara nyingi ni salamu: maneno yasiyobeba habari, yanayofungua tu njia. Maelezo hayo yanaifaa "habari za asubuhi", ambayo jibu lake ni "nzuri" hata nyumba ikiwa na msiba, na msiba ukatajwa baadaye. Hayaitoshi "shikamoo". Anayetamka shikamoo na anayejibu marahaba wamekwisha kugawana vyeo kabla ya neno la tatu kusemwa, na kila kitakachofuata kitasemwa kutoka katika vyeo hivyo. Visanduku viwili vya mchoro havina umri, havina jinsia, havina ukwe wala utani. Vimekutana leo, na vinalingana kimo.

Kanga inaubana mchoro huo zaidi. Kanga, ambayo Mombasa na kwingineko Kenya huitwa pia leso, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Maandishi ya awali yalikuwa ya hati ya Kiarabu. Hati ya Kilatini ilitawala baadaye. Hununuliwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Jina laweza kuwa dua, pongezi, methali, neno la mapenzi, au kijembe.

Chukua jina lijulikanalo sana: "Hasidi hana sababu". Mwanamke anajifunga kanga hiyo na kupita mbele ya kibaraza cha jirani ambaye hawaivi. Hasimami. Hatamki neno. Jina, kwa namna kanga inavyofungwa kiunoni, aghalabu husomeka kwa nyuma, wakati mvaaji amekwisha kumpita msomaji na macho hayakutani. Sasa maswali ya Lasswell yaulizwe. Nani amesema? Mvaaji hakuyatunga maneno. Yalitungwa na asiyejulikana, yakapigwa chapa kiwandani, yakauzwa dukani kwa kila mwenye fedha. Amesema nini? Ametamka methali ambayo hakuna mtu atakayeipinga. Amemwambia nani? Mtaa mzima umeona. Jirani akija juu na kudai ametukanwa, jibu liko tayari: hii ni nguo tu. Zaidi ya hapo, kwa kulalamika kwake jirani amejitaja mwenyewe kuwa hasidi. Akinyamaza, ameumia peke yake. Njia yenye heshima iliyobaki kwake ni kwenda dukani kutafuta jina la kujibu.

Katika hesabu ya Shannon, kutojulikana huku kwa msemaji, maana na mlengwa kungehesabiwa kuwa hasara iliyoletwa na kelele, na kazi ya fundi ni kuiondoa. Lakini kanga ikiondolewa utata huo inakuwa tusi, na tusi lina hukumu yake: ugomvi wa wazi, wazee kuitwa, pengine talaka au kuhama nyumba. Utata ndio unaoiwezesha kauli kali kutolewa na watu wakaendelea kuchota maji kisima kimoja. Rose Marie Beck, mtafiti wa kanga kama chombo cha mawasiliano, aliuweka utata huo katikati ya uchambuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hadi leo ni vigumu kuuzungumzia mfumo huu bila kupitia hapo.

Msaada mzuri zaidi wa kinadharia unatoka kwa Erving Goffman, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1981 aliligawa neno "msemaji" mafungu matatu: mtamkaji, ambaye chombo chake ndicho kinachotoa usemi, mtungaji, aliyechagua maneno, na mwenye kauli, ambaye msimamo wake unatangazwa. Katika mazungumzo ya kawaida watatu hao huwa mtu mmoja, ndiyo maana mchoro uliwachora kwa kisanduku kimoja. Katika kanga wametengana. Mtungaji hayupo. Mtamkaji ni mwili unaopita. Mwenye kauli ni nafasi iliyo wazi, ambayo mvaaji anaweza kuikalia au kuikimbia kulingana na mambo yatakavyokuwa. Upande wa wasikilizaji nao umegawanyika: yuko mlengwa, wako mashahidi, na wako wapita njia wasiojua lolote kuhusu ugomvi na wanaosoma methali tu. Mashahidi ndio wanaoipa kauli nguvu, kwani bila wao jirani asingekuwa na aibu ya kuogopa.

Je, hii ina maana kwamba modeli ya kuwasilisha itupwe? Hapana, na hapa baadhi ya wahakiki wamevuka mpaka. Mtangazaji anayeeleza saa ya kufunga vituo vya kupigia kura, au daktari anayetaja kipimo cha dawa, anahitaji ishara safi, maana moja na mrejesho wa haraka. Hata hivyo, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973 inaonyesha kwamba hata ujumbe wa namna hiyo haujitoshelezi. Redio ilifika mbali, lakini kampeni ilipangwa kwa vikundi vya kusikiliza, vyenye viongozi waliofunzwa na vijitabu, ambamo watu wapatao milioni 2 walikaa pamoja, wakajadiliana juu ya maji, mbu na vyoo, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao. Mshale uliishia kwenye spika ya redio. Kilichofanyika baada ya hapo kilikuwa mazungumzo ya watu wanaojuana, wenye deni la heshima baina yao, na hicho ndicho kilichochimba vyoo.

Yako madhara ya kitaaluma yanayotokana na kuacha mchoro utawale. Mikusanyiko mingi ya majina ya kanga imepangwa kama kamusi: jina, maana yake, wakati mwingine tafsiri. Kazi hiyo ni ya thamani, na majina mengi yangekuwa yamepotea bila hiyo. Lakini inachukulia kwamba ujumbe umo katika maandishi. Mwanafunzi anayekusanya data Tanga, Lamu au Unguja angepaswa kuandika pia nani alinunua, nani alizawadiwa, ilivaliwa siku gani na kupitishwa wapi, nani alisema aliambiwa na nani alikana. Jina lile lile la mapenzi, mama akimpa bintiye siku ya harusi, si kauli ile ile likivaliwa na mke mdogo mbele ya mke mkubwa.

Haja ya data za namna hiyo imeongezeka, kwa kuwa fumbo limehamia kwenye simu. Watumiaji wa WhatsApp huweka katika "stetasi" zao methali na vijembe visivyotaja jina la mtu, na ndugu, majirani na wafanyakazi wenza kila mmoja hujiuliza kama ni yeye. Kwa mtazamo wa kwanza ni kanga isiyo na kitambaa: mtungaji hajulikani, mwenye kauli anaweza kukana, mashahidi wapo. Tofauti zake, hata hivyo, si ndogo. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, ilhali kanga hufuliwa na kuvaliwa tena. Mwenye stetasi anaweza kuchagua watakaoiona, hivyo mlengwa anaweza kubaki peke yake bila kujua kwamba mtaa haukuonyeshwa kitu. Na kwa kawaida mwenye stetasi huonyeshwa orodha ya waliotazama. Jirani wa kibarazani angeweza kudai hakusoma, alikuwa akitazama barabarani. Wa kwenye simu amekwisha kuacha alama ya jicho lake, isipokuwa kama amezima mpangilio unaoonyesha kwamba amesoma. Wako wanaouzima kwa sababu hiyo hasa.